Mwongozo kamili: kutengeneza dondoo ya majani ya mlonge kwa jaribio la kinga ya ini, ukiwa Mtwara au Lindi

Mvua zikishakatika huku kusini, simu yangu huanza kupokea picha zilezile. Chupa ya dondoo iliyoota ukungu juu. Sahani yenye tope la kijani ambalo wiki ya pili sasa halikauki. Jedwali la majibu ya damu ambamo panya waliopewa dondoo wana maini mazima, na waliopewa sumu peke yake nao wana maini mazima. Wanaotuma ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliorudi nyumbani Newala, Masasi, Mikindani au Lindi kuchuma majani ya mradi wa utafiti. Swali lao ni moja: nimekosea wapi?

Mara nyingi kosa halikutokea kwa panya. Lilitokea nyumbani, siku tatu za mwanzo, au kwenye sahani ya kukaushia. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye majani na nitapita haraka kwenye sindano.

Kazi yenyewe ni hii: tunatoa dondoo, yaani viini vinavyovutwa kutoka kwenye majani ya mlonge kwa ethanoli (pombe ya maabara), kisha tunapima kama inalikinga ini la panya mdogo mweupe dhidi ya parasetamoli nyingi. Mlonge nimeuchagua kwa kuwa upo kwenye nyua nyingi za pwani, na kwa kuwa utapata cha kulinganisha nacho. Mwaka 2008 watafiti wa Malaysia waliripoti kwamba dondoo ya majani yake ilipunguza madhara ya parasetamoli kwenye maini ya panya. Parasetamoli nimeichagua kwa kuwa namna inavyoumiza ini inajulikana hatua kwa hatua. Kemikali nyingine inayopendwa sana kwenye majaribio haya, kaboni tetrakloridi, ni sumu kwa ini lako wewe unayeishika, hata kwa kuvuta mvuke wake tu. Kama maabara yako haina kabati la kufyonza hewa, achana nayo.

Onyo kabla ya yote

Kama umefika hapa ukitafuta dawa ya kunywa, hii siyo. Mtu aliyemeza vidonge vingi vya parasetamoli apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata akiwa anatembea na kucheka. Siku ya kwanza huweza kuonekana mzima kabisa. Ini hujionyesha siku ya pili na ya tatu. Dawa yake ipo, inaitwa N-asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Majani hayana nafasi hapo.

Vifaa

Vipimo hivi vinatosha jaribio moja la panya 36.

- Majani mabichi ya mlonge, kilo 1
- Ethanoli ya maabara ya asilimia 96, lita 1 na nusu
- Maji yaliyokenekwa, lita 3. Usinunue maji ya betri dukani ukadhani ni yaleyale. Mengine yana tindikali
- Mizani miwili: mmoja wa kusoma hadi gramu 0.1, mwingine hadi gramu 0.001
- Kichanja na wavu mpya wa nailoni
- Kinu na mchi, au blenda isiyotumika jikoni, na chekeche
- Chupa ya kioo ya lita 2 yenye kifuniko, faneli, kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa, na karatasi ya kuchujia Whatman namba 1
- Sahani pana za kioo, oveni ya maabara inayoshika nyuzi 40, chupa ndogo za kahawia, silika jeli (chembe za kunyonya unyevu)
- Kaboksimethili selulosi, unga wa kuzuia dondoo isituame kwenye maji, gramu 5
- Daftari, na penseli ya kuandikia lebo. Ethanoli ikidondokea wino, lebo yako inabaki doa

Kuhusu wavu: usitumie chandarua cha kugawiwa. Vile vyandarua vimetiwa dawa ya kuua mbu, na majani yako yatalala juu yake siku nne. Najua kila nyumba ina kimoja cha zamani kinachozungushiwa bustani au kuanikia dagaa. Kiache hukohuko.

Kuhusu ethanoli: spiriti ya dukani na gongo la mabibo haviingii hapa. Spiriti ya kuwashia huweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu kwa macho na mwili mzima, na gongo hakuna ajuaye limebeba nini. Ethanoli ya kweli mara nyingi itabidi iagizwe Dar es Salaam. Isafirishwe kwa gari la mizigo, mwenye gari akiwa ameambiwa ni kitu cha kuwaka. Usiifiche kwenye buti la basi la abiria.

Hatua ya 1: Vibali

Jaribio la wanyama linahitaji idhini ya kamati ya maadili ya chuo chako kabla ya panya wa kwanza kuguswa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kamati itakuuliza maumivu utayapunguzaje. Anza na hili, kwa sababu ndilo linalochelewa kuliko yote. Panya wenyewe utawapata kwenye vyuo vyenye nyumba ya wanyama wa maabara, kama MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili) au SUA (chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine). (Ukisema SUA watu watakuuliza kama ni wale panya buku wanaonusa mabomu. Siyo hao.)

Huku kijijini, pita kwa mtendaji, kisha kwa mwenye mti. Hata kama mti upo barabarani.

Hatua ya 2: Kuchuma

Chuma asubuhi, umande ukishakauka. Chagua majani yaliyokomaa yenye kijani kilichokolea. Acha ya manjano na yenye madoa. Kata matawi madogo mazima, utayapukusa nyumbani.

Sasa jambo ambalo wageni hawalijui. Kuanzia Mei au Juni hadi Septemba, mikorosho ya huku hupuliziwa salfa ya unga na dawa za maji kuzuia ubwiriunga. Unga ule hauchagui mti. Mlonge uliosimama kati ya mikorosho, au upande ambao upepo unaelekea, umevaa dawa ya shamba zima. Ukiuchuma, hutapima tena mlonge. Utapima mlonge na viuatilifu, na baadhi ya viuatilifu ini huvihangaikia. Chuma mti wa uani, mbali na shamba la korosho, na muulize mwenyewe mara ya mwisho jirani yake alipuliza lini. Ukiweza kupanga ratiba, Aprili mwishoni na Mei mwanzoni ni bora: mvua zimepungua, mashine za kupulizia bado zimelala.

Kiasi? Kilo moja. Nimeona watu wakibeba gunia hadi Dar. Hesabu iko hatua ya 10. Utaona kwamba jaribio zima halili hata gramu mbili za dondoo.

*Umefaulu kama:* una kilo moja ya majani mabichi yasiyo na umande, kutoka miti inayojulikana, yasiyo na vumbi la njano.

Hatua ya 3: Kielelezo cha mmea

Kabla ya kupukusa, chukua tawi lenye majani, maua na ganda kama lipo. Libane kati ya magazeti chini ya uzito, badilisha magazeti kila siku. Andika kijiji, tarehe, aina ya udongo, na majina yote ambayo wenyeji wanayatumia. Mlonge wengine huuita mzunze au mronge, na Wamakonde, Wamwera na Wayao kila mmoja huwa na lake. Jina la kienyeji moja huweza kubeba miti miwili. Kielelezo kinapelekwa kwa wataalamu wa mimea, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Herbaria ya Taifa Arusha, na namba utakayopewa huandikwa kwenye ripoti. Bila hiyo namba, mtu mwingine hawezi kurudia kazi yako.

Hatua ya 4: Kukausha

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo soma polepole.

Osha majani kwa maji safi, kung'uta, kisha mwisho suuza kwa maji yaliyokenekwa. Yatandaze kwenye wavu juu ya kichanja, ndani ya chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana, unene usiozidi jani moja juu ya jingine. Kivuli, siyo jua. Jua kali la Mtwara linakausha haraka, ndiyo, lakini linachoma pia baadhi ya viini tunavyovitafuta, na jani la kijani linageuka rangi ya majani ya chai.

Adui wa pwani ni usiku. Mchana majani hukauka vizuri, jioni upepo wa bahari unaleta unyevu, na jani kavu la mlonge hunywa unyevu huo kama karatasi. Mtu anaamka asubuhi, anakuta majani yamelainika, anasema "bado", anayaacha siku nyingine, na mchezo unaendelea wiki nzima hadi ukungu uingie. Nilifanya kosa hili mwaka wangu wa kwanza, Mikindani, chumba kikiwa hatua chache tu kutoka maji. Siku ya sita niliona vidoa vya kijivu chini ya tabaka, nikavipangusa kwa kitambaa, nikaendelea. Dondoo yangu ikapandisha vimeng'enya vya ini kwenye damu, dalili ya ini kuumia, kwa panya ambao hawakupewa sumu yoyote.

Baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, na sumukuvu ni sumu ya ini. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sijui ukungu wangu ulikuwa wa aina gani, ila usije ukatengeneza dawa ya kukinga ini kutokana na majani yenye sumu ya ini. Doa moja la ukungu likionekana, tupa fungu zima. Kupangusa hakusaidii, kwa kuwa sumu haionekani.

Fanya hivi:

Saa 11 jioni, kabla unyevu haujaingia, kusanya majani kwenye ndoo kavu yenye kifuniko. Asubuhi saa 3 yatandaze tena. Wa Newala na uwanda wa Makonde, nanyi hamjasalimika: ukungu wa hewani wa asubuhi huko juu hukawia, subirini hadi saa 4. Geuza majani mara tatu kwa siku. Siku ya tatu anza kupima uzito kila jioni, ukitumia sahani ileile. Uzito wa leo ukilingana na wa jana, tofauti isiyozidi gramu moja kwa gramu mia, majani yamekauka.

Mvua ikinyesha katikati ya kazi, yahamishie kwenye oveni ya maabara nyuzi 40. Oveni ya mikate haifai. Haiwezi kushuka hivyo.

*Umefaulu kama:* jani linavunjika kwa mlio ukilifinya, kikonyo kinakatika badala ya kupinda, rangi bado ni kijani, na kilo moja imebaki gramu 200 hadi 250. Ikibaki gramu 400, maji bado yamo.

Hatua ya 5: Kusaga

Ondoa vikonyo. Twanga au saga kwa blenda kwa vipindi vifupi, blenda ikipata moto pumzika. Usipeleke kwenye mashine ya kusaga mahindi. Utarudi na unga wa mlonge, mahindi, na chochote kilichokuwa kwenye mahindi hayo. Chekecha. Unga ukiwa laini sana kama poda utaziba karatasi ya kuchujia. Uwe kama majani ya chai yaliyosagwa. Pima gramu 100, nyingine weka akiba kwenye chupa kavu iliyofungwa, mbali na mwanga.

Hatua ya 6: Kuloweka

Tunatumia ethanoli ya asilimia 70, kwa sababu maji peke yake huvuta sukari na protini nyingi, na mchanganyiko huo ukikaa siku tatu kwenye joto la hapa unachacha kama uraka, ile pombe ya mabibo. Ethanoli tupu nayo huvuta rangi ya kijani na nta nyingi kuliko vile unavyovihitaji.

Kutengeneza lita 1: mimina mililita 729 za ethanoli ya asilimia 96 kwenye silinda ya kupimia, ongeza maji yaliyokenekwa *hadi mstari wa lita moja*. Usipime maji mililita 271 pembeni ukachanganya. Ethanoli na maji vikikutana hujibana, jumla inapungua, na mchanganyiko wako unakuwa na nguvu nyingine.

Weka gramu 100 za unga kwenye chupa, mimina lita 1, funga, funika chupa kwa karatasi nyeusi. Tikisa asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu.

Tahadhari ya moto. Mvuke wa ethanoli hii hushika moto kwenye joto la chini kuliko chumba chochote cha Mtwara, mchana au usiku. Hakuna jiko la mkaa, gesi, mshumaa wala sigara kwenye chumba hicho.

Hatua ya 7: Kuchuja

Kwanza kwa kitambaa, ukikamua. Kisha kwa karatasi ya Whatman, bila kukamua, na uvumilivu. Machicha yaliyobaki yarudishie mililita 500 za ethanoli ya asilimia 70 kwa siku moja, chuja, unganisha. Kimiminika kiwe kijani kilichoiva, kinachopitisha mwanga ukikiinua dirishani. Kikiwa na mawingu, chuja tena.

Hatua ya 8: Kuvukiza

Ni hatua ya pili kwa kuharibu kazi za watu.

Mashine ya kuvukiza kwa mzunguko, ile wanayoiita rotavepa, ndiyo jibu. Maji ya beseni lake yawe nyuzi 40. Kama hakuna karibu nawe, chupa ya kimiminika kilichochujwa, iliyofungwa vizuri, hukaa kwenye jokofu siku kadhaa bila shida ukingoja nafasi chuoni. Ni afadhali kungoja. Usichemshe kwenye sufuria. Joto la kuchemsha huvunja baadhi ya viini, na mvuke wake unaweza kukuchomea nyumba.

Sasa sikiliza kinachotokea ndani ya chupa ya mashine. Ethanoli huondoka kwanza, kwa haraka, na mwanafunzi anafurahi. Kisha kasi inakufa. Kilichobaki ni maji yenye dondoo, bila ethanoli ya kuyalinda, kwenye joto ambalo bakteria wanalipenda. Wengi huona "imekaribia", huzima, huacha hadi kesho. Kesho yake kuna harufu ya uchachu.

Ethanoli ikishaisha, usilaze dondoo. Imimine siku hiyohiyo kwenye sahani pana za kioo, kina kisichozidi milimita 3, ingiza kwenye oveni nyuzi 40 yenye mzunguko wa hewa. Sahani nne zenye tabaka jembamba hukauka kabla ya sahani moja nzito. Kama chuo kina mashine ya kukausha kwa kugandisha, tumia hiyo. Umeme ukikatika oveni ikiwa katikati ya kazi, sahani ziende kwenye friza. Barafu inakungoja, joto la chumba halikungoji.

Pima uzito wa sahani kila baada ya saa 6. Vipimo vitatu mfululizo vikilingana, basi.

Usiruke vipimo hivyo vitatu. Ethanoli iliyobaki kwenye dondoo inaweza kukupa ushindi wa uongo. Parasetamoli yenyewe si sumu kali kwa ini. Kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2E1 hugeuza sehemu yake kuwa NAPQI, na hiyo ndiyo inayoua seli, pale glutathioni inayoizuia inapokwisha. Ethanoli nayo hushughulikiwa na CYP2E1 hiyohiyo. Panya akiwa na ethanoli tumboni wakati parasetamoli inaingia, kimeng'enya kinashikwa na ethanoli, NAPQI inatengenezwa kidogo, na ini linapona. Utaandika "mlonge unakinga ini" wakati aliyekinga ni spiriti yako.

*Umefaulu kama:* dondoo ni ngumu au inanata kama ulimbo, kijani inayoelekea weusi, inanukia majani, haina harufu ya pombe wala ya uchachu. Uzito wa dondoo gawanya kwa uzito wa unga, zidisha kwa 100: gramu 12 kutoka gramu 100 ni asilimia 12. Andika namba hiyo.

Hatua ya 9: Kuhifadhi

Kwangua, gawanya kwenye chupa ndogo za kahawia, funga, weka ndani ya mtungi wenye silika jeli, kwenye friza. Gawanya kweli; chupa moja kubwa itafunguliwa mara saba. Na chupa ikitoka kwenye baridi, iache ifike joto la chumba *kabla* ya kuifungua. Ukiifungua ikiwa baridi, hewa ya pwani inageuka matone ndani yake, na kazi ya wiki mbili inalowa kwa dakika moja.

Hatua ya 10: Kuchanganya dozi

Tutatumia dozi mbili: miligramu 200 na miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito wa panya, mara moja kwa siku kwa siku 7. Kabla ya hapo fanya jaribio la usalama kwa panya wachache, miligramu 2,000 kwa kilo, ukiwaangalia siku 14.

Panya wa gramu 25 ni kilo 0.025. Dozi ya 400 kwake ni miligramu 10. Tunampa mililita 10 kwa kilo, yaani mililita 0.25. Kwa hiyo mchanganyiko uwe na miligramu 40 kwa mililita. Wa dozi ya 200 uwe na miligramu 20 kwa mililita. Hesabu hii ndiyo inayokosewa kuliko zote, kawaida kwa mtu kusahau kugeuza gramu kuwa kilo. Fanya, kisha mpe mwenzako aifanye bila kuona yako.

Jumla: panya 12 wa miligramu 10 kwa siku 7 ni miligramu 840, panya 6 wa miligramu 5 kwa siku 7 ni 210. Gramu 1.05. Ndiyo maana nilikataa gunia.

Dondoo haiyeyuki yote kwenye maji. Isagie kwenye kinu kidogo cha maabara na maji yenye kaboksimethili selulosi asilimia 0.5 hadi iwe uji mwepesi usiotuama. Tengeneza mpya kila asubuhi.

Hapa kuna mtego. Dondoo inapokataa kuyeyuka, mtu atakushauri utumie dimethili sulfoksidi, ile inayofupishwa DMSO. Inayeyusha vizuri mno. Pia inazuia CYP2E1, na kwa panya inakinga ini dhidi ya parasetamoli peke yake, bila mmea wowote. Kaa mbali nayo kwenye jaribio hili. Na kiyeyushi chochote utakachotumia, makundi yote yapewe hichohicho, kiasi kilekile, hata kundi lisilopewa dondoo.

Hatua ya 11: Siku nane

Panya madume 36 wa umri mmoja, wagawe kwa bahati nasibu, sita sita:

1. Kiyeyushi tu (yale maji yenye kaboksimethili selulosi)
2. Kiyeyushi, kisha parasetamoli
3. Kiyeyushi, parasetamoli, na N-asetilisisteini miligramu 300 kwa kilo saa moja baadaye
4. Dondoo 200, kisha parasetamoli
5. Dondoo 400, kisha parasetamoli
6. Dondoo 400 tu

Dozi inapitishwa kwa bomba la kulishia, na mtu aliyefunzwa. Bomba likiingia mapafuni panya anakufa, na utadhani dondoo imemuua. Pima uzito kila asubuhi.

Usiku wa kuamkia siku ya 7 ondoa chakula kwa makundi yote, acha maji. Panya aliyeshiba ana glutathioni nyingi, na sumu huenda isimguse. Hilo mara nyingi ndilo jibu la zile jedwali ambazo panya wote ni wazima. Asubuhi toa dozi ya mwisho, subiri saa moja, kisha parasetamoli miligramu 300 kwa kilo kwa sindano ya tumboni. Tumia unga halisi wa maabara. Vidonge vya dukani vina wanga na vingine. Uyeyushe miligramu 15 kwa mililita kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yenye uvuguvugu, toa mililita 20 kwa kilo. Mchanganyiko ukipoa unaganda chembechembe, na panya wa mwisho wanapata sumu kidogo kuliko wa kwanza. Uweke kwenye maji ya vuguvugu muda wote, na usianze kundi moja hadi liishe. Chukua panya mmoja wa kila kundi kwa zamu. Baada ya saa 4 rudisha chakula.

Siku ya 8, saa 24 baada ya parasetamoli, damu inatolewa panya akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Iache igande nusu saa, zungusha kwenye sentrifuji, chukua seramu, yale maji yanayobaki juu, upime ALT na AST, vimeng'enya vinavyovuja kwenye damu ini likiumia. Seramu ikiwa ya pinki, chembe nyekundu zimepasuka, nazo zimejaa AST. Itupe AST ya sampuli hiyo, usijidanganye nayo. Kipande cha ini kiende kwenye fomalini ya asilimia 10.

Hatua ya 12: Kusoma majibu

Anza na kundi la 2, kabla hujatazama dondoo. ALT yake lazima iwe imepanda kutoka makumi hadi mamia au maelfu ya yuniti kwa lita. Mashine nyingi za hospitali zitagoma kusoma namba hizo. Punguza seramu mara kumi kwa maji ya chumvi na uzidishe jibu. Kundi la 2 lisipoumia, hakuna kinga iliyopimwa, hata kama kundi la 5 linapendeza. Rudi hatua ya 11.

Kisha kundi la 3. N-asetilisisteini isipopunguza madhara, kuna kosa la muda au dozi. Kisha la 6: ALT ikipanda hapo, dondoo yako ina tatizo lake yenyewe, na mimi ningeanza kuulizia ukungu na mikorosho ya jirani. Mwisho kabisa, la 4 na la 5.

Kwenye hadubini, parasetamoli huua seli zinazozunguka mshipa wa katikati wa kila kijisehemu cha ini. Anayesoma vipande apewe namba za siri, asijue ni kundi gani. Nimewahi kujishika nikiona "nafuu" kwenye kipande ambacho baadaye kiligundulika ni cha kundi la 2.

Ushindi ni ALT ya kundi la 5 kushuka waziwazi chini ya kundi la 2, la 4 likiwa katikati, na vipande vya ini kusema hivyohivyo. Hata hapo utakuwa umeonyesha kinga kwa panya aliyetangulizwa dondoo siku saba kabla ya sumu. Hujaonyesha tiba. Bado pia hujui kama dondoo imeongeza glutathioni au imezuia tu CYP2E1 kutengeneza sumu. Hilo ni jaribio jingine.

Utakaporudi kijijini

Utarudi, kwa sababu mwenye mti atataka kujua majani yake yalisema nini. Babu mmoja wa Mikindani, shikamoo haijaisha kuitikiwa, aliniuliza: "Sasa tunywe kiasi gani?"

Usizidishe 400 kwa kilo zake 60 ukamwambia gramu 24. Mwili mdogo huchoma dawa haraka. Dozi ya panya mdogo hugawanywa kwa 12.3 ili kukadiria ya mtu, ikawa kama miligramu 32 kwa kilo, karibu gramu 2 za dondoo kwa siku. Na hiyo ni namba ya kupangia utafiti unaofuata tu. Nilimjibu babu kwamba mboga ya mlonge aendelee kuila kama alivyoila siku zote, na ile chupa nyeusi inabaki kuwa ya panya. Akacheka, akasema basi ataniletea panya, wanaomlia mahindi ghalani.